Miwani Ilinitoka Mara Tatu Kabla Sijajua Kosa Liko Shingoni

Mbio zangu za kwanza Dar es Salaam ziliharibika ndani ya sekunde moja. Ilikuwa mita 50 mtindo huru, bwawa la mita 25, mimi niko njia ya sita. Filimbi ndefu ikatupandisha kwenye vibao vya kurukia, tukainama, tukatulia, mlio ukalia, nikaruka. Nilipogusa maji kitu kilinikwangua nyusi, kikateleza juu ya pua, kikatua mdomoni kama lijamu. Pumzi ya kwanza niliivuta pamoja na ladha ya mpira na klorini.

Ukiwa na miwani, sakafu ya bwawa ndiyo inayokuongoza. Kuna mstari mweusi chini yako, na mita mbili kabla ya ukuta mstari huo unaishia kwenye mwingine unaoukata, umbo la herufi T. Hapo unajua ukuta umefika. Mimi siku hiyo niliona weusi kama moshi, nikaona weusi umekwisha, nikapinduka, nikanyoosha miguu kusukuma ukuta, miguu ikapiga maji matupu. Kwenye mtindo huru lazima sehemu ya mwili iguse ukuta katika kila mgeuko, la sivyo unaondolewa. Ikabidi nirudi kinyumenyume nikipapasa kwa visigino mpaka nikaupata. Wenzangu walikuwa wanakaribia kumaliza.

Nilipofika mwisho, macho yananiwasha na miwani inaning'inia shingoni, mwamuzi wa njia yangu aliinama akaniuliza kwa upole, "Uko salama, binti?" Nilitikisa kichwa kuwa ndiyo. Machozi yalichanganyika na maji, nikashukuru kwamba hayaonekani.

Nasimulia haya kwa sababu kila Jumamosi namwona mtoto fulani akitoka majini na sura ileile niliyokuwa nayo siku ile, na mzazi wake anakimbilia kumkazia mkanda. Nami nilianzia kwenye mkanda, na ulinipotezea karibu mwaka mzima.

Nimezaliwa Igombe, wilaya ya Ilemela, nyumba yetu ikiwa hatua chache kutoka ziwani. Baba alikuwa mvuvi wa dagaa. Usiku wa giza alikwenda ziwani na taa pamoja na kaka yangu mkubwa. Mbalamwezi ikitoka, dagaa hawaifuati taa, mitumbwi inabaki ufukweni, na kaka anakuwa na muda wa kunifundisha kuogelea. Nilijifunzia kwenye mawe. Anayeijua Mwanza anayajua mawe yake: yamepangana juu ya vilima, yameshuka mpaka ndani ya maji, na yale unayoyaona ni machache kuliko yaliyozama. Maji yenyewe huwa ya kijani, mwani ukizidi huoni hata goti lako. Kaka ana kovu juu ya jicho la kushoto, jeupe, refu kama punje mbili za maharage zikipangwa. Alilipata kwenye jiwe lililokuwa nusu mita chini ya uso wa maji, mahali alipokuwa amechupa mara nyingi kabla ziwa halijapungua.

Kwa hiyo somo lake kwangu lilikuwa moja. "Tazama unakokwenda, mdogo wangu. Tazama mpaka mwisho." Kuna mawe, kuna nyavu, kuna kamba za nanga. Nikajifunza kuchupa shingo ikiwa imeinuka na macho yamekodoa, nayafumba pale tu uso unapokaribia kulowa. Maji yalinizaba kofi kila nilipochupa na sikujali. Sikuwa na miwani ya kupoteza. Shingo ile ilinilinda utoto wangu wote.

Nilipokuja mjini kusoma sekondari nikajiunga na kikundi kilichofanya mazoezi kwenye bwawa la hoteli. Watu wa bara wakisikia unatoka ufukweni hukuuliza kwa nini usifanyie mazoezi ziwani bure. Jibu ni kichocho. Sisi tuliosoma shule za msingi kandokando ya ziwa tunakumbuka siku ya dawa: tunakula kwanza, tunapanga foleni, tunasimamishwa kwenye mti wenye alama, na urefu wako ndio unaosema umeze vidonge vingapi vya prazikwanteli. Vichungu vile havisahauliki. Konokono wanaobeba ugonjwa huo wanaishi pembeni, kwenye majani na maji yaliyotulia, na hapo ndipo watoto tunapochezea.

Bwawa letu halikuwa na vibao vya kurukia. Tulirukia ukingoni, na kutoka ukingoni miwani ilinisogea tu ikaingiza maji kidogo. Kanuni za kimataifa zinataka kibao kiwe kati ya nusu mita na sentimita 75 juu ya maji. Kwa maneno ni kimo kidogo. Ongeza kimo hicho kwenye mruko wa mtu mwenye nguvu, kumbuka kwamba maji ni mazito kuliko hewa zaidi ya mara 700, halafu fikiria kipande cha plastiki kinachoshikiliwa usoni na mpira mwembamba. Kosa lililokuwa dogo nikiwa Mwanza lilionekana lote Dar es Salaam.

Niliporudi nilikaza mkanda. Niliukaza mpaka nikitoa miwani nilibaki na miduara myekundu iliyokaa hadi saa ya chakula cha usiku, na kichwa kikiniuma kwenye paji la uso. Mbio zilizofuata miwani ilitoka tena. Safari hii ilipanda juu ya kofia, na jicho la kulia likabaki uchi. Sasa najua sababu mojawapo. Miwani ya kuogelea hushika kwa kunata: ule mpira laini unaozunguka jicho unalala sawasawa juu ya ngozi, hewa kidogo inatoka, miwani inabaki imenyonya. Ukikaza kupita kiasi mpira unajikunja ukingoni, panatokea upenyo kama uzi, na upenyo huo ukikutana na maji ya nguvu unatosha kuing'oa miwani yote.

Kisha nikabadilisha miwani. Hili lilikuwa jambo la maana, ingawa halikuwa tiba. Ile ya kwanza ilikuwa na vioo vikubwa, imetengenezwa kwa ajili ya ufukweni na starehe, nayo ilikuwa na mahali pengi pa kushikwa na maji. Kocha alinifundisha jaribio ambalo hadi leo ndilo la kwanza kwa kila mtoto ninayemfundisha. Usivae mkanda. Bandika miwani machoni kwa mikono miwili, bonyeza kidogo, achia. Ikikaa sekunde chache yenyewe, umbo lake linapatana na mifupa ya uso wako. Ikidondoka papo hapo, irudishe dukani, hata kama ndiyo wanayovaa mabingwa. Nyuso hazifanani. Yangu ina daraja pana la pua, na miwani nyingi zilininyima kunata upande wa ndani wa jicho mpaka nilipopata yenye kipande cha puani kinachobadilishwa.

Na mafuta! Siku nyingi nilijiuliza kwa nini miwani ileile inanata Jumatano jioni na haitaki Jumamosi asubuhi. Jumamosi nilikuwa natoka nyumbani nimeoga, nimejipaka mafuta ya mgando usoni kama mama alivyotulea, uso unang'aa. Mpira hauwezi kunata juu ya mafuta. Watoto wangu sasa wanajipaka mwili mzima wapendavyo, lakini kuzunguka macho pabaki pakavu, na kabla ya mbio wanapafuta kwa kitambaa.

Nywele nazo. Nilikuwa nasuka twende kilioni, mistari yote inakwenda nyuma na kukusanyika kisogoni. Kile kifundo kilikaa mahali hasa mkanda unapotaka kukaa, kwa hiyo mkanda ulitelezea chini, kuelekea shingoni, ukawa unaivuta miwani. Mkanda unatakiwa ukae juu kidogo ya usawa wa macho, kwenye mzingo wa kisogo. Ukiwa na nyuzi mbili, zitenganishe, moja juu ya uvimbe wa kisogo na nyingine chini yake, zisipandane. Sikuacha kusuka. Nilimwomba msusi wangu amalizie mistari chini zaidi, karibu na shingo, na mafundo yawe membamba. Alinielewa kwa dakika moja. Nasema hili kwa sababu nimewahi kusikia msichana akiambiwa anyoe ndipo aweze kuogelea, na lile ni neno la kumfukuza mtu.

Cha mwisho kwenye orodha ya vifaa kilikuwa kofia mbili. Unavaa ya kwanza, unavaa miwani, unavaa ya pili juu ya mkanda, ukingo wake ukiishia juu kidogo ya vioo. Waogeleaji wengi wa mashindano makubwa hufanya hivyo. Inasaidia kweli: mkanda hauna pa kwenda, na maji hayapati mahali pa kuushika.

Basi nikawa na miwani inayonata, uso mkavu, nywele zimetulia, kofia mbili. Nikaruka kwenye mazoezi, tena kwa nguvu zote kwa sababu niliamini sasa nimemaliza. Ikatoka. Kofia zilishikilia mkanda, lakini vioo viligeuka, kimoja kikajaa maji na kingine kikakaa juu ya shavu.

Kocha hakusema neno. Alitoa simu, akaniambia, "Rudia." Nikarudia mara nne. Kisha akaniita kivulini, akafungua picha ile ya mwendo wa polepole na kuisimamisha kwa kidole gumba. Naiona mpaka leo. Vidole vyangu vimeshagusa maji, mikono imenyooka vizuri, miguu imenyooka vizuri, na katikati ya hayo yote uso wangu umeinuka, unaangalia ukuta wa mbele kama mtu anayeitafuta daladala ya Buhongwa kwenye vumbi. Maji yalikuwa yanapiga vioo ana kwa ana.

"Unatazama nini?" akaniuliza.

Nilifungua kinywa kujibu, na jibu lililokuja lilikuwa sauti ya kaka yangu. Tazama unakokwenda.

Ilinichukua dakika kadhaa kukaa na jambo hilo. Hapakuwa na jiwe chini ya lile bwawa. Hapakuwa na wavu. Kina chake tulikijua kwa sentimita. Mwili wangu ulikuwa unajilinda dhidi ya Igombe.

Mruko sahihi hauuachi uso ukutane na maji kwanza. Mikono inatangulia, kiganja kimoja juu ya kingine, misuli ya mikono imebana masikio au inakaa nyuma yake kidogo, na utosi unafuata katika tundu lilelile mikono iliyolitoboa. Kisha mabega, nyonga, miguu, vyote kwenye tundu moja. Miwani inapita mahali ambapo maji yameshafunguliwa na mikono. Kichwa kinaweza kuinuka kidogo unapoondoka kibaoni, na wengi wetu tunainua, lakini lazima kirudi chini kikiwa bado hewani. Kocha alikuwa na maneno yake: "Kichwa kirudi kabla vidole havijalowa." Huo ndio muda wote ulionao.

Kulisema jambo hilo ni rahisi. Shingo yangu ilikataa kwa wiki. Tulianza nchi kavu, mgongo ukutani, mikono juu, kofia iliyokunjwa imebanwa kati ya kidevu na kifua. Kofia ikidondoka, kichwa kimeinuka. Kisha nikakaa ukingoni na kujitosa nikiwa nimekaa. Kisha kwa goti moja. Kisha nimesimama nimeinama. Kila hatua na ile kofia kidevuni, na kila mara kocha aliniuliza iko wapi. Siku ya kwanza niliyoibuka nayo bado imebanwa nilipiga kelele mpaka wageni wa hoteli wakageuka.

Halafu nikazidisha. Mtu aliyeambiwa ainamishe kichwa huinamisha mpaka mwisho, na kidevu kikibanwa sana kifuani mwili unakwenda chini badala ya kwenda mbele. Siku moja mikono yangu ilikwaruza sakafu. Nilitoka majini natetemeka, ngozi ya vidole viwili imechunika, na kwa mara ya kwanza nikaelewa kwamba kosa la upande huu ni baya kuliko lile la kwanza. Miwani ikitoka, unapoteza mbio. Sakafu ukiigonga kwa kichwa, unaweza kupoteza shingo. Ile kofia ya kidevuni ni ya kujifunzia tu. Shingo inatakiwa inyooke na mgongo, macho yanatazama chini na nyuma kidogo, misuli imelegea. Na mabwawa mengi ya hoteli hayafai kabisa kwa mruko upande wa watoto. Kanuni za mashindano zinataka maji yasipungue mita 1.35 mahali penye vibao, kuanzia mita moja kutoka ukutani hadi mita sita. Hicho ni kiwango cha chini kwa waliokwisha kujua. Kwa anayejifunza mimi nataka zaidi, na pasipokuwa na kina haturuki, tunaanzia ndani ya maji kwa kusukuma ukuta.

Kocha aliniambia pia nijiandae kwa siku itakayotoka hata nikifanya yote sawasawa, maana siku hiyo ipo. Alitusimulia habari za Michael Phelps, Beijing, mwaka 2008, mita 200 mtindo wa kipepeo. Miwani yake ilijaa maji, na hadi mwisho hakuwa anaona ukuta. Alihesabu mikono, kwa kuwa alijua urefu wa bwawa unammalizia mikono mingapi. Alishinda kwa dakika 1 na sekunde 52.03, rekodi ya dunia wakati ule. Tangu siku hiyo nikawa naogelea urefu mmoja wa mwisho wa kila zoezi bila miwani, macho yamefumbwa karibu yote, nahesabu. Nilijua namba zangu kama ninavyojua namba ya simu ya mama. Ningekuwa nazijua Dar es Salaam, nisingepindukia katikati ya maji. Na nisingepoteza muda kujaribu kuivuta miwani kutoka mdomoni, jambo ambalo nalo nililifanya. Ikitoka, iache. Ikiwa shingoni haikudhuru.

Nilirudi kwenye bwawa lilelile mwaka uliofuata. Tulifika siku moja kabla, tukaomba muda wa kuvizoea vibao, nikaruka mara kumi. Siku ya mbio nilifuta uso, nikabonyeza vioo mara moja nyuma ya kibao, sikuigusa tena miwani. Nilipanda. Nilitazama vidole vyangu vya miguu. Mlio ukalia, na kitu cha kwanza nilichokiona baada ya hapo ulikuwa mstari mweusi, mkali, umenyooka chini yangu, na mapovu yangu mwenyewe yakipanda pembeni. Nililiona T. Nilipinduka, na ukuta ulikuwepo. Nilimaliza wa nne, nikampigia kaka simu nikiwa bado nimelowa.

Siku hizi nafundisha watoto Jumamosi asubuhi. Kabla ya zoezi la kuruka tunapima kina sisi wenyewe, kwa mti mrefu niliouzungushia utepe mwekundu kwenye mita 1.35. Unazamishwa mpaka ugote sakafuni, karibu na ukuta kisha mbali kidogo, na utepe lazima umezwe kabisa na maji. Watoto wanagombea kuushika.

Mwezi uliopita msichana wa miaka kumi na mmoja, wa Kirumba, baba yake anafanya kazi mwaloni, aliruka mara tatu na mara zote miwani ikamtoka. Nilijua kabla hajaniambia. Nilimwona anavyoinua uso.

"Nani alikufundisha kuogelea?"

"Babu. Kule kwenye mawe."

"Alikuambia utazame unakokwenda?"

Akanikodolea macho. "Ndiyo, kocha. Umejuaje?"

Nikamwambia babu yake amemfundisha vizuri, na kwamba ziwani aendelee kumtii: aingie kwa miguu, taratibu, na asichupe kichwa mbele kwenye maji asiyoyaona chini yake, hata wenzake wakichupa. Hapa ni mahali pengine. Hapa tumetazama kabla, kwa mti, ili ukiwa hewani usiwe na haja ya kutazama tena.

Akafikiri. Hakurudi ukingoni. Alikwenda kuuchukua ule mti alipouweka mwenzake, akauzamisha yeye mwenyewe, ukutani kwanza, kisha akajinyoosha akauzamisha mbali kadiri mkono wake ulivyofika, akangoja mpaka utepe mwekundu ukapotea. Ndipo akaulaza chini, akafuta uso kwa kitambaa, na kupanga vidole vya miguu ukingoni.